Mali Bila Daftari

Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya chombo kimoja ambacho siku hizi si kigeni tena vijijini mwetu. Mmekiona kikipita juu ya mashamba ya mpunga, kikilia kama mzinga wa nyuki waliochokozwa. Wengine hukiita ndege isiyo na rubani, wengine ndege nyuki, na vijana wetu hukiita droni. Hupiga picha za harusi, hupima viwanja na mashamba, hunyunyiza dawa, na mahali pengine hupeleka damu na dawa hospitali. Leo sikusudii kuisifu, wala kuwatisha. Nataka kuuliza swali moja tu: Je, mwenye kuirusha ameitunzaje, na ameandika wapi?

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kulijibu swali hilo vibaya, na nusura mtoto wa watu aumie. Nisikilizeni kwanza, kisha tutafika kwenye mafundisho.

Hapa Nyegezi mdogo wangu aliungana na wenzake watatu. Wakakopa fedha katika kikundi cha kuweka na kukopa, wakanunua droni moja ya kazi pamoja na betri 4. Walipopata vibali vyao wakanijia nyumbani jioni moja wakasema, "Kaka, wewe ni karani wa parokia. Mwandiko wako unasomeka, na vitabu umevizoea. Tushikie daftari la kazi zetu." Nikakubali kwa furaha, na kwa majivuno kidogo, maana chuoni kwa walimu tulifunzwa kupiga mistari na kuandika mahudhurio bila doa. Nikanunua daftari kubwa lenye jalada gumu, nikagawa kurasa kwa rula: tarehe, mahali, namba ya betri, dakika za kuruka, hali ya chombo.

Mwezi wa kwanza niliandika kila jioni. Mwezi wa pili nikaanza kuandika kila Jumamosi. Vijana walinisimulia safari za juma zima, nami nikaandika niliyoambiwa. Mahali pa "hali ya chombo" nilikuwa na neno moja tu: sawa. Sawa, sawa, sawa, toka juu mpaka chini ya ukurasa, kama mtu apandaye mahindi. Nami sikuwa nimeiona hata betri moja kwa macho yangu.

Siku moja waliajiriwa kupiga picha za viwanja vilivyo karibu na ufuko. Ilikuwa alasiri. Aliyeirusha alisimama kando ya maji, na ndege ikaenda upande wa nchi kavu ikisukumwa na upepo wa ziwa. Ilipogeuka kurudi, ikakutana na upepo ule ule usoni, ikabidi ivute kwa nguvu zaidi. Betri iliyokuwamo ilikuwa namba 3. Rimoti ilionyesha kwamba umeme uliosalia watosha. Mara ikaonyesha kwamba hakuna kitu. Ndege ikaanguka juu ya dagaa walioanikwa, hatua mbili kutoka kwa mtoto mdogo aliyelala kivulini juu ya kanga.

Mtoto hakuguswa. Mama yake hakupiga kelele. Alimbeba mtoto wake, akamfuta mchanga usoni, kisha akauliza, "Nani aliyesema kitu hiki ni kizima?"

Vijana wakatazamana. Ikajulikana kwamba betri ile ilikuwa imevimba kwa majuma mawili. Mmoja aliiona akamwambia mwenzake. Mwenzake akadhani kwamba mimi nimekwisha kuandika. Na kweli nilikuwa nimeandika: sawa. Basi jibu la swali la yule mama lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyesema.

Tulilipa dagaa. Vijana wakanunua kamera nyingine na propela nyingine, na deni la kwanza lilikuwa bado halijaisha. Twamshukuru Mungu aliyemhifadhi mtoto. Lakini kumwachia Mungu kazi ya kukagua betri si imani, ndugu zangu, ni uvivu.

*Kwa nini tuandike?*

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakifikiri juu ya duka, lakini neno hilo lafaa hata kwa kitu kirukacho.

Twaweza kujifunza kutoka kwa jambo lililofanyika hapa hapa kwetu. Mwaka 2018, kampuni mbili za Ujerumani, DHL na Wingcopter, pamoja na shirika la maendeleo la nchi hiyo liitwalo GIZ, zilifanya majaribio ya miezi 6 ya kupeleka dawa kwa droni kutoka bara mpaka kisiwa cha Ukerewe. Ndege ile iliweza kubeba mzigo wa kilo 4. Njia ya angani ilikuwa kilomita 60, nayo iliruka kwa wastani wa dakika 40. Kwa njia ya nchi kavu mzigo huo huo husafiri kilomita 240 na kuchukua saa 6. Mwisho wa majaribio walitangaza kwamba ndege imeruka jumla ya kilomita 2,200, kwa muda wa dakika karibu 2,000. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, wataalamu wa nchi nyingi walikusanyika Mwanza katika mkutano ulioitwa Lake Victoria Challenge, na droni zikajaribiwa kwenda kisiwa cha Juma.

Sasa fikirini. Je, hizo kilomita 2,200 zilijulikanaje? Hazikukadiriwa kwa kumbukumbu ya kichwa. Kila safari iliandikwa: imeondoka saa ngapi, imetua saa ngapi, imebeba nini. Bila maandishi hayo wangebaki na hadithi tu, na hakuna daktari ambaye angeweza kuweka dawa za wagonjwa wake juu ya hadithi. Vivyo hivyo huko Muhanga, nchini Rwanda, ambako kampuni ya Zipline imekuwa ikipeleka damu hospitali kwa droni tangu Oktoba 2016: kila ndege hukaguliwa kabla ya kurushwa, hata kama ni ile ile iliyorudi salama muda mfupi uliopita.

Kitabu ndicho kumbukumbu ya ndege. Ndege isiyo na kitabu ni mgeni kila asubuhi; hujui jana ilikula nini wala iliumwa wapi.

*Betri kwanza*

Gari likiishiwa mafuta husimama kando ya barabara. Droni ikiishiwa umeme haina kando. Kwa hiyo tuanze na betri.

Kwanza, ipe kila betri namba. Iandike kwa rangi isiyofutika, na usibadilishe kamwe. Betri nne zisizo na namba ni sawa na watoto mapacha wasio na majina: ukimpa mmoja dawa, hujui umempa nani.

Pili, itazame na kuipapasa kabla ya kila safari. Betri nzima ina ubavu ulionyooka. Ikiwa imevimba hata kidogo, au ikiwekwa mezani inayumba, au yatoa harufu tamu isiyo ya kawaida, kazi yake imekwisha. Usiibane ili iingie mahali pake. Usiitoboe ili kutoa hewa, maana yaweza kuwaka mkononi mwako. Usiitupe motoni, wala chooni, wala ziwani. Iweke nje ya nyumba ndani ya chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, kisha ipelekwe kwa wauzaji au mafundi wanaopokea betri zilizokufa.

Tatu, iache ipoe kabla ya kuichaji. Betri iliyotoka angani ni ya moto. Tumia chaja yake yenyewe, wala usiache ikichaji wakati wewe umelala au umekwenda sokoni. Usiichajie juu ya kitanda, juu ya mkeka, wala chini ya paa la nyasi. Ikiwaka, ondoa watu kwanza, maana moshi wake una sumu. Kisha mwaga mchanga mwingi.

Nne, usiihifadhi ikiwa imejaa, wala ikiwa tupu. Hapa vijana wengi hukosea. Hudhani ni vizuri kuiweka imejaa ili iwe tayari wakati wowote. La. Betri za aina hii huchakaa upesi zikikaa siku nyingi zimejaa, na hufa kabisa zikikaa tupu. Kama hakuna kazi kwa juma moja au zaidi, ibaki nusu. Betri nyingi zimegawanyika ndani katika vyumba vidogo. Kwa nyingi ya hizo, chumba kilichojaa husoma volti 4.2, na cha nusu husoma volti 3.8 hivi. Chumba kimoja kikisoma pungufu ya wenzake kwa volti 0.1 au zaidi, iandike betri hiyo na uitilie mashaka. Ndicho chumba kitakachokuangusha.

Tano, hesabu mara ngapi imechajiwa. Betri huzeeka kama ng'ombe wa kulima. Kitabu cha maelekezo cha kiwandani husema ni mara ngapi. Zikiisha, mstaafishe mzee huyo kwa heshima kabla hajastaafu mwenyewe angani.

*Propela, mota na mwili*

Propela, yaani yale mapanga yazungukayo, ni vitu vya bei ndogo vyenye kubeba kitu cha bei kubwa. Kabla ya kila safari pitisha ukucha wako kwenye makali ya kila moja. Ukikwama, pana pengo. Angalia vizuri karibu na shina, mahali linapofungwa. Mistari midogo myeupe huko ndiyo mwanzo wa kuvunjika. Propela yenye ufa haigundishwi kwa gundi wala haichomwi kwa moto, hubadilishwa. Tena kumbuka kwamba haziko za aina moja: nyingine huzunguka kulia, nyingine kushoto. Ukizichanganya, ndege itapinduka kabla haijafika kimo cha mtu.

Mota huchunguzwa umeme ukiwa umezimwa na propela zimetolewa. Zungusha kila moja kwa kidole. Mota nzima huzunguka laini na kusimama polepole. Yenye mchanga utaisikia kidoleni, kama ugali wa unga ulioingia mchanga. Mchanga wa ufukoni kwetu ni mwembamba, na wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama nguzo ya moshi huingia kila tundu. Safisha kwa brashi laini na pampu ndogo ya hewa. Usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji. Wala usitie mafuta kama kitabu cha kiwandani hakikusema hivyo. Mafuta hukamata vumbi.

Mwili ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Petroli na mafuta ya taa hula plastiki, basi yaache jikoni. Tazama mikono ya ndege kama ina nyufa, na skrubu kama zimelegea. Lakini usizikaze kama unakaza tairi la trekta. Kioo cha kamera kipanguswe mwisho, kwa kitambaa safi cha miwani.

Kwa droni za kunyunyiza dawa, kuna kazi zaidi. Mwaka 2019 huko Zanzibar, watafiti walitumia droni kunyunyiza majaruba ya mpunga ya Cheju kwa kimiminika kinachozuia viluwiluwi vya mbu wa malaria. Kazi ya namna hiyo ni njema, lakini tangi, mipira na matundu ya kunyunyizia havina budi kuoshwa kwa maji safi siku ile ile, mbali na kisima na mbali na ziwa. Mwoshaji avae glovu. Na kitabuni liandikwe jina la dawa na kiasi chake, ili tangi lililobeba dawa ya magugu leo lisije likaua mpunga wa mtu kesho.

*Mambo ya kwetu ziwani*

Kitabu cha kiwandani hakiijui Nyegezi. Kwa hiyo yapo mambo ambayo hapana budi tuyaandike wenyewe.

La kwanza ni upepo. Kwa kawaida mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku mpaka alfajiri hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi wetu wamelijua hilo tangu zamani. Mwenye droni ajiulize: Nikirudi, upepo utakuwa mgongoni au usoni? Umeme wa kwendea si sawa na umeme wa kurudia. Sisi sasa tuna sheria: ikibaki asilimia 30, safari imekwisha, hata kama picha moja tu imesalia.

La pili ni "nyumbani." Droni nyingi hukumbuka mahali zilipoinuka, na zikikosa mawimbi ya rimoti hurudi huko zenyewe. Ukiirusha kutoka kwenye mtumbwi, mtumbwi utasogea, lakini ndege itarudi pale pale ulipokuwa na kutua majini kwa utii mkubwa. Tena uso wa maji huzichanganya zile jicho zake za chini zinazopima kimo. Basi rusha kutoka nchi kavu, na ukilazimika kutumia chombo cha majini, badilisha mahali pa kurudi mara kwa mara.

La tatu ni dira. Usiipange dira ya ndege juu ya paa la mabati, karibu na gari, au juu ya zege lenye nondo. Chuma huidanganya dira, na dira iliyodanganywa haioni haya kukudanganya na wewe.

La nne ni programu. Watengenezaji hutuma marekebisho ya programu kila mara. Usiyapokee asubuhi ya kazi. Yapokee nyumbani, andika tarehe, kisha jaribu mahali patupu kabla ya kwenda kwenye harusi ya watu.

La tano ni sheria. Droni hapa Tanzania ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2018. Mwenye kuifanyia kazi aende akasajili na kupata kibali, wala asikaribie kiwanja cha ndege cha Mwanza huko Ilemela. Namba ya usajili ikae ukurasa wa kwanza wa kitabu.

*Kitabu chenyewe*

Daftari jema lina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni ya safari. Andika tarehe, mahali, jina la mrushaji, namba ya betri, saa ya kuondoka, saa ya kutua, dakika, hali ya upepo, kazi iliyofanyika, na kasoro iliyoonekana.

Sehemu ya pili ni ya betri. Kila betri ina ukurasa wake: siku iliponunuliwa, mara zilizochajiwa, volti za vyumba vyake, na umbo lake.

Sehemu ya tatu ni ya matengenezo. Andika kilichobadilishwa, namba ya kifaa kama ipo, nani amekifunga, na safari ya kwanza ya kujaribu baada ya hapo.

Mimi hufananisha na kitabu cha ubatizo ninachokitunza ofisini. Mtoto huandikwa mara moja, lakini ukurasa haufungwi. Akija kufunga ndoa miaka 25 baadaye, jambo hilo huongezwa pembeni mwa jina lake. Kwa hiyo ukifungua mstari mmoja waona maisha ya mtu. Na betri namba 3 ingekuwa na ukurasa wake, mtu yeyote angeona jinsi ilivyodhoofika: dakika 22, kisha 20, kisha 17, kisha 14. Betri ilikuwa ikisema. Hakukuwa na mtu wa kuandika ilichosema.

Na sasa kanuni za kuandika, ambazo nimejifunza kwa aibu yangu:

Aliyeona ndiye aandike. Karani aweza kutunza kitabu, lakini asiandike kwa macho ya mwingine.

Andika pale pale, kabla ndege haijarudi sandukuni. Kumbukumbu ya Jumamosi haijui mambo ya Jumanne.

Neno "sawa" tumelipiga marufuku. Andika ulichokiona. Mfano: "Betri 2. Kuondoka saa 2:10 asubuhi, kutua saa 2:27. Dakika 17. Upepo mdogo kutoka ziwani. Propela ya mbele kulia ina pengo dogo, imebadilishwa." Mstari kama huo mtu aweza kuutegemea.

Usifute. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, andika lililo sahihi, tia sahihi yako. Ukurasa wenye makosa yaliyosahihishwa ni mwaminifu kuliko ukurasa usio na doa. Wangu haukuwa na doa.

Kasoro iliyoandikwa haifungwi kwa kusahauliwa. Hufungwa kwa jina la mtu aliyeitengeneza. Mpaka jina hilo lionekane, ndege inakaa sandukuni.

La mwisho, kitabu kisipande chombo. Weka nakala nyumbani. Hata picha ya ukurasa kwa simu yatosha. Sisi watu wa ziwa tumelijifunza hili kwa machozi. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, orodha ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili; wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, iliripotiwa kwamba mkata tiketi alifariki pamoja na wengine, na mashine yenye hesabu ya abiria ikapotea majini. Droni si meli, wala silinganishi dagaa waliochafuka na msiba ule. Nasema tu kwamba hesabu inayozama pamoja na chombo haimsaidii aliyebaki ufukweni.

*Kwa ninyi msio na droni*

Huenda mama mmoja anasoma hapa na kusema, "Mwalimu, haya yanihusu nini?" Yanakuhusu, mama. Atakapokuja kijana kutaka kupita juu ya shamba lako, au kupiga picha harusi ya binti yako, watoto wakiwa wamejaa uwanjani, mwombe jambo moja kabla ya kupatana bei. Mwambie, "Mwanangu, nionyeshe kitabu." Huhitaji kujua volti. Tazama tu: Je, kina tarehe ya jana? Je, kimeandikwa na mikono ya watu walioirusha? Je, kina kasoro ndani yake? Kisicho na kasoro hata moja, kiogope. Mwambie akae nacho mpaka kipate ukweli kidogo.

Nanyi wazazi ambao vijana wenu wanaishi kwa kazi hii, msiwaulize kila jioni wamepata shilingi ngapi. Waulizeni pia wameandika nini.

Betri namba 3 tuliitoa. Daftari la kwanza ninalo bado, pamoja na zile safu zangu nzuri za "sawa," ili lisiniache nijisifu. La pili liko mikononi mwa vijana wenyewe, na miandiko yao si mizuri. Juma lililopita nilikwenda kulikagua. Nikakuta ukurasa mmoja wa mdogo wangu wenye tarehe, mahali, jina la mteja, na nafasi ya dakika ina sifuri. Mahali pa kasoro ameandika: "Nimechelewa kufika, sikupata muda wa kukagua. Sikurusha."

Walikosa fedha siku hiyo. Lakini katika kurasa zote za madaftari yale mawili, sijaona mstari ulionipendeza kuliko huo.

Kwa herini, wasomaji wapenzi, mpaka juma lijalo.

Karani wenu, Nyegezi.